Mwongozo Kamili wa Kuandaa Andiko la Utafiti wa Uzamili au Uzamivu Kuhusu Hatari za Mazingira Katika Ardhi Inayogeuka Mji

Maandiko mengi ya utafiti (yaani mapendekezo yanayowasilishwa mbele ya jopo ili yapitishwe kabla ya utafiti kuanza) kuhusu hatari za mazingira mijini hurudishwa kwa kosa lile lile, na mara nyingi hurudishwa zaidi ya mara moja, kwa sababu mwanafunzi hurekebisha lugha na kuliacha kosa lenyewe. Kosa hilo ni kuitazama ardhi kana kwamba imetulia. Anayesoma hatari katika eneo linalogeuka mji anapima kitu kinachobadilika wakati anakipima: shamba la mwaka juzi leo ni paa na ua wa saruji, mkondo uliokuwa na kingo za majani umebanwa na kuta, na walioishi hapo wakati wa mafuriko ya mwisho huenda wamekwisha hama. Andiko lisilosema litakavyoyashughulikia mabadiliko hayo haliwezi kuokolewa na wingi wa marejeo.

Mwongozo huu unatumia mfano wa mafuriko tangu mwanzo hadi mwisho ili msomaji aufuate uzi mmoja. Anayesoma joto, maporomoko ya udongo au uchafuzi wa maji ya ardhini atapita katika hatua hizo hizo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha za setilaiti. Landsat ina picha zenye pikseli (kipande kidogo kabisa cha picha) ya mita 30 tangu 1982. Sentinel-2 ina pikseli ya mita 10 tangu 2015. Sentinel-1 hutumia rada, hivyo mawingu hayaizuii. Zote hupatikana bila malipo.
- Data ya mwinuko wa ardhi. SRTM, iliyokusanywa Februari 2000, au Copernicus GLO-30, ambayo ni ya karibu zaidi. Zote mbili zina pikseli ya takriban mita 30.
- Rekodi za mvua. Kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, na pamoja nacho CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayounganisha setilaiti na vituo, inayoanzia 1981 na yenye pikseli ya takriban kilomita 5.
- Programu. QGIS kwa ramani, R kwa takwimu, na HEC-RAS ikiwa utahesabu mwendo wa maji. Hizi nazo ni za bure.
- Watu watatu. Msimamizi wako, mtumishi wa idara inayoshughulikia mipango ya ardhi au mifereji, na mkazi wa muda mrefu wa eneo unalotaka kulisoma.
- Daftari moja la kuandika kila uamuzi unaoufanya, tarehe yake na sababu yake. Litakuokoa siku utakapoulizwa kwa nini ulichagua picha ya mwaka fulani ukaacha ya mwaka mwingine.

Usianze kuandika kabla ya kuzungumza na wale watu watatu. Wengi huwaacha wa pili na wa tatu mpaka andiko liwe tayari, na hapo ndipo wanapogundua kwamba swali lao lilikwisha jibiwa, au halimsaidii yeyote.

## Hatua ya 1: Tafuta uamuzi, kisha swali

"Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa ustahimilivu wa miji" ni mada. Haina mahali wala kipimo, na hakuna matokeo yanayoweza kuikanusha. Ili kuigeuza kuwa swali, tafuta kwanza uamuzi ambao mtu fulani lazima aufanye na hana taarifa za kutosha kuufanya.

Andika sentensi moja kwa mpangilio huu: nani anapaswa kuamua nini, kabla ya wakati gani, na ni jambo gani asilolijua. Kwa mfano: idara ya mipango inapaswa kuamua ikiwa mashamba yaliyo juu ya mkondo yapimwe viwanja katika miaka mitano ijayo, lakini haijui ujenzi huo utaongeza maji kiasi gani kwa kaya ambazo tayari zinaishi chini ya mkondo.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba uamuzi hukupa kipimo. Ukishajua idara inataka kufahamu ongezeko la maji, unajua kwamba ramani ya rangi nyekundu, njano na kijani peke yake haitatosha. Unajua pia usahihi unaohitajika: ikiwa uamuzi haubadiliki kati ya ongezeko la asilimia 40 na la asilimia 60, huna haja ya kutumia mwaka mzima kulitofautisha.

Umefaulu hatua hii pale mtumishi wa idara ile anaposoma sentensi yako na kusema, "Hilo hasa ndilo tusilolijua."

## Hatua ya 2: Tenganisha tishio, walio njiani na udhaifu

Hatari huzaliwa pale mambo matatu yanapokutana, na Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi liliuweka utenganisho huu wazi katika ripoti yake maalumu ya 2012. La kwanza ni tishio: mvua kubwa, joto kali, mteremko usio imara. La pili ni watu, majengo na shughuli zilizo katika njia ya tishio hilo. La tatu ni udhaifu, yaani wepesi wa hao walio njiani kudhurika, unaotokana na namna nyumba ilivyojengwa, kipato, umri, afya, uhakika wa kumiliki ardhi na mengineyo.

Lugha yetu yenyewe inaweza kukupoteza hapa. Neno "janga" hutumika kwa tukio lililokwisha kuumiza watu na pia kwa tukio linaloweza kuja. Katika andiko lako litenge kwa maana ya kwanza tu. Mvua kubwa inayonyesha juu ya msitu usiokaliwa na watu ni tukio la asili; janga hutokea inapowakuta watu ambao hawakuweza kujikinga. Mwandishi anayeita kila kitu "janga" huishia kuilaumu mvua kwa makosa ya mipango.

Fanya zoezi hili: chora safu tatu kwenye karatasi, kisha weka kila kigezo unachokusudia kukipima katika safu moja tu. Kigezo kinachotaka kukaa katika safu mbili hakijaeleweka bado.

Onyo. Epuka faharasa inayojumlisha milimita za mvua, mwinuko, kipato na umbali kutoka mkondo kuwa namba moja, huku uzito wa kila kigezo umechaguliwa kwa kukisia. Namba hiyo hupendeza kwenye ramani, lakini haimwambii mtu ikiwa suluhisho ni kuhamisha nyumba, kupanua kalvati au kuwapa wakazi hati za ardhi. Ukilazimika kutumia faharasa, onyesha ramani ya kila sehemu peke yake, na ueleze matokeo yanavyogeuka uzito unapobadilishwa.

## Hatua ya 3: Funga neno "ustahimilivu"

Kila unapoliandika neno hili, jibu maswali manne: ustahimilivu wa nini, dhidi ya nini, kwa faida ya nani, na kwa muda gani.

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa. Chukua kaya zinazojaza kifusi kwenye viwanja vyao ili maji yasiingie ndani. Zikihesabiwa peke yake, zimekuwa stahimilivu. Lakini maji yale hayakupotea. Yamesukumwa kwa jirani aliye chini, ambaye pengine hana fedha za kununua kifusi. Utafiti unaopima kaya mojamoja na kutoa wastani utatangaza mafanikio mahali ambapo hatari imehamishwa tu.

Chagua kipimo kinachoweza kuhesabiwa: siku ambazo kaya inachukua kurudi katika kazi yake ya kawaida baada ya mafuriko, saa ambazo barabara kuu haipitiki, au idadi ya watoto wanaokosa shule. Kimoja au viwili vinatosha. Msomaji wa andiko anapaswa kuweza kusema, bila kukuuliza, ni matokeo gani yangekufanya utamke kwamba eneo hilo si stahimilivu.

## Hatua ya 4: Chora mpaka unaofuata maji

Mipaka ya kiutawala ni rahisi kupata, na ndiyo maana wanafunzi huipenda. Maji hayaifuati. Mpaka wa utafiti wa mafuriko ni kidakio, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mkondo mmoja, na kidakio hicho kinaweza kukata mamlaka mbili au tatu.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini jambo hili halina mjadala. Kwa vidakio vidogo, mtiririko wa kilele hukadiriwa kwa kuzidisha kigawo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi badala ya kuzama), ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na eneo kwa hekta, kisha kugawanya kwa 360. Jibu huwa mita za ujazo kwa sekunde. Chukua hekta 10 zenye mvua ya milimita 60 kwa saa. Ardhi ikiwa ya majani, yenye kigawo cha 0.2, mtiririko ni takriban mita za ujazo 0.33 kwa sekunde. Ardhi hiyo hiyo ikijengwa na kigawo kikafika 0.7, mtiririko unakuwa takriban 1.17. Mvua haikubadilika, na nyumba zilizo chini hazikusogea, lakini maji yanayozifikia yameongezeka mara tatu na nusu. Tena hesabu hii bado haijagusa ukweli kwamba maji juu ya lami hukimbia haraka zaidi, hivyo kilele hufika mapema na watu hupata muda mfupi zaidi wa kujiokoa.

Mtafiti aliyechora mpaka wake kuzunguka nyumba zilizofurika tu asingeliona badiliko hilo, na angeandika kwamba chanzo ni mvua.

Tumia data ya mwinuko kuchora kidakio kwenye QGIS, kisha kitembelee kwa miguu. Katika ardhi inayojengwa, tuta la barabara au mfereji mmoja mpya unaweza kuhamisha maji kutoka kidakio kimoja hadi kingine, na data iliyokusanywa kabla ya ujenzi haiwezi kukuonyesha hilo. Umefaulu unapoweza kusimama kwenye kila kona ya mpaka wako na kueleza kwa nini maji ya upande huu huja kwako na ya upande ule huenda kwingine.

## Hatua ya 5: Ijaribu data kabla ya kuiahidi

Hapa ndipo maandiko mengi mazuri huanguka, na huanguka kimyakimya, mwaka mmoja baada ya kupitishwa, mwanafunzi anapogundua kwamba data aliyoitaja haiwezi kujibu swali lake. Pakua sasa sehemu ndogo ya kila data uliyoitaja na uitumie kwa siku mbili tatu. Uwe macho kwa mitego ifuatayo.

Mawingu. Mafuriko huja msimu wa mvua, na msimu wa mvua ndio wenye mawingu. Usiahidi kuchora mafuriko kwa Sentinel-2 kabla ya kuhesabu picha safi ulizozipata. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, lakini nayo hubabaishwa na mji: mwangwi unaorudi kutoka kwenye kuta za majengo huficha maji yaliyo mitaani, kwa hiyo huonyesha vizuri mafuriko ya mashamba kuliko ya vichochoro.

Picha zenye mistari. Landsat 7 iliharibika kifaa cha kusahihisha mistari Mei 31, 2003, na picha zake za baada ya hapo zina mapengo. Ukilinganisha miaka bila kulijua hilo, mapengo yatageuka kuwa "mabadiliko ya matumizi ya ardhi".

Mwinuko wa paa na miti. SRTM na Copernicus GLO-30 hupima kwa kiasi kikubwa sehemu ya juu ya kile kilichopo, yakiwemo majengo na miti, na kosa la wima huweza kufikia mita kadhaa. Tofauti kati ya nyumba inayofurika na isiyofurika mara nyingi ni nusu mita. Data hizi zinafaa kuchora kidakio. Hazifai kutangaza kina cha maji sebuleni mwa mtu. Kwa kazi hiyo utahitaji upimaji wa ardhini au ndege zisizo na rubani, na lazima bajeti ilionyeshe hilo.

Mvua ya wastani. Pikseli ya kilomita 5 hupunguza ukali wa mvua fupi inayonyesha juu ya mtaa mmoja, na ndiyo hiyo inayofurisha mifereji midogo. Tumia CHIRPS kwa mwenendo wa misimu, na kituo chenye vipimo vya saa au dakika kwa mafuriko ya ghafla.

Joto la uso wa ardhi na joto la hewa. Kwa wanaosoma joto: Landsat hupima joto la uso wa ardhi, tena hupita karibu saa nne asubuhi. Mtu huumia zaidi kwa joto la hewa na unyevu, hasa usiku ambapo mwili haupati nafasi ya kupoa. Usiandike kimoja ukimaanisha kingine.

Mtego wa mwisho si wa data bali ni wa kuisoma, nao ni mzito kuliko yote. "Mafuriko ya miaka 100" ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, wala haimaanishi kwamba yakitokea leo yatangoja karne nzima. Nyumba itakayodumu miaka 30 ina uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kukutana nayo angalau mara moja. Zaidi ya hapo, makadirio hayo hutokana na rekodi za zamani na hudhani kwamba mkondo unatenda leo kama ulivyotenda miaka 40 iliyopita. Katika kidakio kilichojengwa nusu yake, rekodi za mwanzo ni za ardhi nyingine kabisa. Eleza katika andiko utakavyolitatua hilo: kwa kugawa rekodi katika vipindi, au kwa kutumia modeli inayopokea hali ya ardhi ya kila kipindi. Andiko linaloligusa jambo hili waziwazi hupata heshima ya jopo hata kama suluhisho lake ni la wastani.

## Hatua ya 6: Panga mbinu za uwandani

Namba ya 384 imezoeleka mno kama ukubwa wa sampuli za kaya. Inatokana na kukadiria uwiano kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kosa la asilimia 5, kwa sampuli nasibu rahisi, ambapo kila kaya ina nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukichagua mitaa kwanza na kaya baadaye, majirani watafanana, na huenda ukahitaji idadi mara mbili ili kupata uhakika ule ule. Usiinakili namba, onyesha hesabu yako.

Lililo gumu zaidi kuliko idadi ni kutambua ni nani hayupo. Kaya zilizoumia kupita wote huenda zilihama, na wapangaji huhama kabla ya wenye nyumba. Ukiwahoji waliobaki tu, utapata picha ya watu walioweza kuvumilia, kisha utaiita ustahimilivu wa eneo zima. Panga njia ya kuwafuata waliohama kupitia majirani na viongozi wa mtaa, hata ikiwa utawapata ishirini tu.

Kwa ramani za matumizi ya ardhi, tenga pointi za uhakiki ambazo hazikutumika kuifundisha programu kutambua aina za matumizi hayo kwenye picha. Angalau 50 kwa kila aina ya matumizi ni kiwango cha chini kinachokubaliwa na wengi. Kwa kina cha mafuriko, alama za maji kwenye kuta ni ushahidi mzuri: zipige picha, zipime kwa futi ya mkono, na uwaulize watu wawili wasioishi nyumba moja ni za mwaka gani.

## Hatua ya 7: Fikiria ramani yako itakapoangukia

Ramani inayoonyesha mtaa usio rasmi kwa rangi nyekundu inaweza kutumika kuwafukuza wakazi wake bila fidia. Huu ni wajibu wa kimaadili usiokwisha kwa kujaza fomu ya kamati ya maadili, nami naomba usomwe kwa uzito wote. Kabla ya kukusanya data, amua ni nani ataona matokeo ya ngazi ya nyumba na ni nani ataona ya ngazi ya mtaa. Hifadhi majibu ya kaya mbali na alama za GPS. Waambie wahojiwa kwa lugha wanayoielewa kwamba utafiti hautaleta msaada wa moja kwa moja, kwa sababu baada ya mafuriko kila mgeni mwenye daftari hudhaniwa ameleta misaada.

Panga pia siku ya kurudi na matokeo, na uiweke kwenye bajeti. Isiyo na fedha haitafanyika.

## Hatua ya 8: Ratiba

Ratiba ifuate msimu. Vibali huweza kuchukua miezi, na ukikosa msimu mmoja wa mvua umepoteza sehemu kubwa ya mwaka. Weka maombi ya vibali mwanzoni, vipimo vya maji ndani ya msimu, na hojaji wiki chache baada yake, wakati kumbukumbu bado ni mbichi lakini watu wamekwisha kukausha nyumba zao. Andika pia utafanya nini ikiwa mvua kubwa haitanyesha mwaka huo, jopo litauliza.

## Hatua ya 9: Lijaribu andiko kabla ya kuliwasilisha

Mpe kila mmoja wa wale watu watatu kurasa mbili tu, na umuulize swali lake. Msimamizi: ni hatua gani ya mbinu isiyoongoza kwenye jibu? Mtumishi wa idara: ungefanya nini tofauti matokeo yakiwa makubwa, na ungefanya nini yakiwa madogo? Mkazi, umsomee kwa mdomo: ni kitu gani kuhusu maji ya hapa ambacho sijakiuliza?

Jibu la mtumishi likiwa sawa kwa matokeo makubwa na madogo, rudi hatua ya 1, kwa maana swali lako halijashika uamuzi wowote. Mkazi akikutajia mfereji, tuta au bwawa ambalo halimo kwenye ramani yako, rudi hatua ya 4 na ukatembee tena. Watatu hao wakikosa cha kuongeza zaidi ya tarehe na tahajia, liwasilishe.